Mbaraka Mwinshehe: kutoka Mzenga hadi Osaka, na safari ya mwisho Mombasa

Treni ya TAZARA ikitoka Dar es Salaam kuelekea Kidatu na Ifakara hupita Mzenga, wilayani Kisarawe. Abiria wengi huchungulia dirishani wakiona mikorosho na minazi, kisha wanaendelea na safari yao bila kujua kwamba hapo Mzenga ndipo nyumbani kwao Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, na ndipo alipolazwa. Kwetu sisi wa huku, kuanzia Dutumi na Kwala hadi Mzenga yenyewe, huyu si mwanamuziki wa mbali. Ni mtoto wa jirani.

Hata hivyo, tunapopiga nyimbo zake hewani, meseji zinazoingia zinatuonyesha jambo moja. Wazee wanamkumbuka mtu. Vijana wanazijua nyimbo, wanaziimba hata maneno, lakini wengine wanadhani ni za bendi fulani ya Kongo, au ni za Kenya. Ndiyo maana tumeamua kuandika maisha yake hapa, taratibu, ili msikilizaji asome kwenye simu yake kwa muda wake. Tunamwandika kama fundi wa gitaa aliyefanya kazi na wenzake, kwa sababu sifa za Mbaraka peke yake zimesemwa sana, na hadithi ya watu na taasisi waliomzunguka imesemwa kidogo.

Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944, mtoto wa pili katika familia ya watoto kumi na wawili. Wakati huo reli ya TAZARA haikuwapo; ilijengwa kati ya 1970 na 1975, yeye akiwa tayari ni jina kubwa. Mtoto wa Mzenga wa miaka ile aliyetaka kuona mji alikuwa na njia mbili za kuchagua, ama ashuke Dar es Salaam ama apande Morogoro. Mbaraka alizipita zote mbili. Mwaka 1965, akiwa kidato cha tatu, aliacha shule akafuata muziki. Alianzia Dar es Salaam katika bendi iliyoitwa Cuban Branch Jazz, hakukaa sana, akaenda Morogoro kujiunga na Morogoro Jazz.

Kuacha sekondari mwaka 1965 haikuwa jambo dogo. Nchi ilikuwa na miaka minne tu tangu uhuru, na wenye elimu ya sekondari walikuwa wachache mno. Kijana aliyefika kidato cha tatu alikuwa anaelekea ofisini, kwenye meza na mshahara wa uhakika. Kazi ya dansi wazee wengi waliiona ya wahuni. Hatuwezi kuingia katika nyumba ya Mzee Mwinshehe tukasikia yaliyosemwa, ila mzazi yeyote anayesoma hapa anaweza kukisia.

Tusimame kidogo kwenye neno hili jazz, maana linaulizwa kila mara. Cuban Branch Jazz, Morogoro Jazz, Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz: bendi zote hizo zilijiita jazz, lakini hazikupiga jazz ile ya Marekani. Huko Marekani, jazz ni muziki wa Wamarekani weusi uliokulia New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, na tarumbeta ilikuwa mfalme wake. Baadaye wakatokea wapiga tarumbeta na saksafoni waliokataa kufungwa na mpangilio wowote, wakapuliza walivyojisikia, na muziki huo ukaitwa jazz huru. Kwetu neno lilifika peke yake, bila muziki wake. Likawa na maana ya bendi ya kisasa yenye magitaa na vyombo vya kupuliza, inayopigia watu ukumbini na si ngoma ya kijijini.

Muziki wenyewe ulitoka kwingine. Kuanzia miaka ya 1930, kampuni ya Kiingereza ya HMV iliuza Afrika santuri za muziki wa Kuba, zikijulikana kwa herufi GV. Zilifika mpaka kwenye maduka ya Wahindi katika miji yetu midogo. Katika muziki wa Kuba, tarumbeta ndiyo inayojibizana na mwimbaji na kinanda ndicho kinachozungusha wimbo. Huku kwetu tarumbeta zilikuwa adimu na ghali, na kinanda cha namna ile hakuna. Wakongo walikuwa wa kwanza kulipata jibu, na Watanzania wakalifuata: kazi ya kinanda na sehemu kubwa ya kazi ya tarumbeta ikapewa gitaa. Ukielewa hapo, utaelewa kwa nini Mbaraka akawa mtu mkubwa. Alipopiga solo alikuwa anaimba kwa nyuzi, akivuta pumzi na kuitoa kama mpuliza tarumbeta.

Morogoro ilikuwa tayari mji wa muziki kabla yake. Mwaka 1948 kijana wa hapo, Salum Abdallah, aliunda kikundi kilichoitwa La Paloma, ambacho baadaye kilijulikana kama Cuban Marimba. Salum alizipenda santuri za GV kiasi kwamba alipokuwa kijana alitoroka nyumbani akitaka kwenda Kuba kwenyewe. Alifika Mombasa, safari ikaishia hapo, akarudi Morogoro. Safari hiyo iliyokwama ndiyo iliyotupa Cuban Marimba, kwa hiyo hatuna sababu ya kumcheka.

Upande wa pili wa mji kulikuwa na Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka aliozaliwa Mbaraka. Bendi hizo mbili zilishindana kama timu mbili za mpira za mji mmoja, kila moja na mashabiki wake. Mwaka 1965 Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari, na uongozi wa Cuban Marimba ukashikwa na Juma Kilaza. Mwaka huohuo Mbaraka alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye kazi ya muziki. Mji ulimpoteza kinara mmoja, na ukawa karibu kumpata mwingine.

Bendi za wakati ule, kabla ya zile za taasisi za serikali kushika hatamu, zilikuwa klabu. Zilikuwa na wanachama, na vyombo vilikuwa mali ya klabu. Mwanamuziki hakuwa na kitu isipokuwa kipaji chake na suruali yake ya jukwaani. Akiondoka, anaondoka mikono mitupu, na nyimbo alizotunga hubaki na jina la bendi. Kwa wasikilizaji wa siku zile wimbo ulikuwa wa Morogoro Jazz, wa Nuta au wa Dar Jazz. Mbaraka ni mmoja wa wachache waliolivunja desturi hilo. Jina lake likawa kubwa sawa na la bendi yake, halafu likalipita.

Alilivunjaje? Kwanza kwa gitaa. Bendi ya dansi hugawa kazi: gitaa la solo, gitaa la ridhimu, wakati mwingine solo la pili katikati yao, gitaa la besi, ngoma na tumba, vyombo vya kupuliza, na waimbaji. Wimbo huanza polepole, waimbaji wakitoa kisa chao beti kwa beti, na solo likijibu kwa adabu. Kisha unafika mahali ambapo kisa kimekwisha, mwendo unaongezeka, waimbaji wanabaki na kiitikio kifupi, na magitaa yanaachiwa. Wanamuziki wetu hupaita hapo chemko. Hapo ndipo watu huinuka vitini. Mpiga solo wa kawaida ana miondoko mitatu minne anayoizungusha. Mbaraka alikuwa na uwezo wa kubaki kwenye chemko muda mrefu bila kuchosha, akibadilisha kidogo hapa na kidogo pale, na wewe msikilizaji unamfuata kama unavyomfuata mtu anayejua njia ya porini usiku.

Lakini sikiliza kwa makini, hasa ukiwa na spika za masikioni. Ridhimu haiyumbi. Besi linamsubiri. Tumba linajua lini atapumua. Solo la namna ile haliwezekani bila watu wanne au watano waliokubali kukaa nyuma, kupiga kitu kilekile dakika nyingi ili mmoja aruke. Majina yao wengi wetu hatuyataji. Kwa maoni yetu hilo ni deni kubwa zaidi katika historia ya dansi ya Tanzania.

La pili ni kwamba alikuwa mambo matatu kwa mpigo: mtunzi, mwimbaji na mpiga solo. Katika bendi nyingi hizo ni kazi za watu tofauti. Sauti yake haikuwa ya kujionyesha. Aliimba kama mtu anayekueleza shida yake mkiwa mmekaa kibarazani, na mada zake zilikuwa za kibarazani kweli: mapenzi, mashemeji, masimango, pesa, urafiki unaoisha pesa zikiisha. Majina ya nyimbo yanajieleza. Masimango. Pesa Namba Moja. Mashemeji Wangapi. Jogoo la Shamba, jina ambalo kwa mtu wa kutoka huku kwetu lina utani wake, maana tunaijua methali ya jogoo huyo na mji.

Alitunga pia habari za nchi. Tarehe 25 Desemba 1971, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa na mkulima Said Mwamwindi katika mgogoro uliotokana na siasa ya vijiji vya ujamaa. Tukio lilitikisa taifa zima. Mbaraka na Morogoro Jazz walimtungia Dk. Kleruu wimbo wa maombolezo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka miaka ya 1990. Habari ilikuwa redio, gazeti kwa walio mjini, na wimbo. Wimbo ulibaki baada ya gazeti kufungiwa maandazi.

Redio yenyewe ilikuwa moja kubwa, Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD. Bendi kutoka mkoani zilisafiri na vyombo vyao mpaka studio, zikapiga wimbo mzima kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache. Akikosea mmoja, wanarudia wote. Hakukuwa na kurekebisha kwa kompyuta kama leo. Ndiyo maana rekodi zile zina uhai. Unasikia watu waliomo chumba kimoja wakitazamana. Kwa kupitia RTD, mkulima wa pamba wa Shinyanga na mvuvi wa Kilwa walimjua Mbaraka wa Morogoro bila kumwona.

Mwaka 1970 ulikuja mwaliko uliokuwa gumzo. Jiji la Osaka nchini Japani liliandaa maonyesho ya dunia, Expo 70, kuanzia Machi hadi Septemba, na yalitembelewa na watu zaidi ya milioni 64. Tanzania ilikuwa na banda lake huko, na Morogoro Jazz wakachaguliwa kwenda kupiga. Hebu fikiri: bendi ya mji wa mkonge, miaka tisa baada ya uhuru, inapanda ndege kwenda Japani kuwakilisha taifa. Hawakuchagua kikundi cha Dar es Salaam. Walichagua Morogoro. Mbaraka alikuwa na miaka 26. Safari ile ikazaa wimbo uitwao Expo 70, na kwa wapenzi wa bendi hiyo ikawa ushahidi wa mwisho katika kila ubishi na mashabiki wa Cuban Marimba.

Ungedhani baada ya hapo asingeondoka. Aliondoka. Mwaka 1973 aliachana na Morogoro Jazz akaunda bendi yake, Orchestra Super Volcano. Wanamuziki wana msemo wao kwamba mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, na kabla ya hapo mwenye vyombo alikuwa klabu au taasisi. Miaka hiyo, baada ya Azimio la Arusha la 1967, bendi nyingi zenye nguvu zilikuwa za mashirika: Nuta Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na jeshi, polisi na magereza walikuwa na zao. Mwanamuziki alipata mshahara, chumba, pengine na matibabu. Kuanzisha bendi inayosimama kwa jina lako mwenyewe ilikuwa ni kukubali kula unachokivuna ukumbini. Usiku watu wakiwa wachache, mnalala njaa wote, na lawama ni zako.

Sisi tunaona uamuzi huo wa 1973 ndio mkubwa kuliko safari ya Japani. Osaka alipelekwa. Super Volcano alijipeleka.

Nyimbo za Super Volcano ni ndefu zaidi, magitaa yamepewa uwanja mpana, na yeye mwenyewe anasikika kama mtu asiyemwomba mtu ruhusa. Lakini hapo ndipo alipokutana na tatizo jingine ambalo halikuwa la muziki. RTD ilirekodi kwa ajili ya kurusha hewani. Santuri, ile unayonunua na kupeleka nyumbani, ilitengenezwa Kenya. Kampuni za santuri zilikuwa Nairobi, mitambo ya kubana santuri ilikuwa huko, na soko kubwa la kulipia lilikuwa huko. Mwanamuziki wa Tanzania aliyetaka kazi yake iuzwe alilazimika kuvuka Namanga au Horohoro. Mbaraka alivuka mara nyingi, akarekodi na kampuni iliyojulikana kama Polygram, na Wakenya wakampenda kama wao. Wimbo wake Shida, unaozungumzia dhiki za maisha, ulienea Kenya kiasi kwamba mpaka leo wapo watu wa huko wanaobisha kwamba alikuwa Mtanzania.

Kisha mambo ya wakubwa yakaingia kati. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa rasmi mpaka 1983. Kwa mfanyabiashara ilikuwa hasara. Kwa mwanamuziki wa Tanzania ilikuwa ni kama mkulima aliyefungiwa barabara ya kwenda mnadani mazao yakiwa tayari shambani.

Januari 1979 Mbaraka alikuwa Mombasa, na hapo gari lake likapata ajali. Alifariki akiwa na miaka 34. Juu ya siku hiyo kuna hadithi nyingi za vijiweni, na sisi tunaziacha hukohuko vijiweni. Tunachojua kinatosha kuuma. Mombasa ndipo Salum Abdallah alipokwama akitafuta Kuba, na vinara hao wawili wa mji mmoja wamekufa kwa ajali za barabarani, kila mmoja kabla ya kufika miaka arobaini. Mbaraka alirudishwa nyumbani akazikwa Mzenga.

Nchi haikuwa na nafasi kubwa ya kumlilia. Wiki zilezile majeshi yetu yalikuwa yanawasukuma wanajeshi wa Idi Amin kutoka Kagera kuelekea ndani ya Uganda, na redio ilijaa habari za vita. Super Volcano bila yeye haikuweza kubaki ilivyokuwa. Bendi iliyojengwa juu ya mtu mmoja ina udhaifu huo, na pengine hapo klabu za zamani zilikuwa na hekima yao: Cuban Marimba iliendelea baada ya Salum kwa sababu ilikuwa ni bendi, haikuwa mtu.

Santuri ndizo zilizoendelea. Kampuni ya Nairobi ilizikusanya nyimbo zake katika mfululizo ulioitwa Ukumbusho, zikauzwa kwa santuri, baadaye kwa kanda za kaseti, na miaka ya karibuni kwa CD. Kizazi kilichozaliwa baada ya kifo chake kimemjua kupitia hizo. Leo nyimbo zilezile zinaingizwa kwenye memori kadi kwa mia tano pale kwenye kibanda cha kuchaji simu, zinarushwa WhatsApp, zinawekwa intaneti na watu ambao hawajawahi kufika Morogoro.

Hapa kuna jambo ambalo wasikilizaji wengi hawalijui. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha chombo cha COSOTA, inalinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Mbaraka, aliyefariki 1979, hesabu hiyo inatufikisha 2029. Yaani utunzi wake bado una wenyewe. Haukuwa mali ya kila mtu siku alipozikwa, na hauwi hivyo kwa sababu tu wimbo ni wa zamani. Sheria yenyewe ilipitishwa miaka ishirini baada ya kifo chake, wakati mikataba ya Nairobi ilikwisha kusainiwa zamani, na mwanamuziki wa miaka ya 1970 mara nyingi alipokea fedha ya mkupuo akaondoka. Ukinunua nyimbo zake, muulize muuzaji zinatoka wapi.

Kwa anayetaka kuanza kumsikiliza upya, ushauri wetu ni huu. Anza na Masimango, ya Morogoro Jazz, usikilize namna bendi nzima inavyobebana. Kisha nenda kwenye Shida, ya Super Volcano, uone mtu yuleyule akiwa na bendi yake mwenyewe. Usiruke mbele kutafuta solo. Acha waimbaji wamalize kisa chao, subiri mwendo ubadilike, na utakapofika kwenye chemko, mara ya kwanza mfuate Mbaraka. Mara ya pili mwache aende zake, umfuate mpiga besi.